Kompyuta inachelewa kuwaka: upunguze programu, upige Windows upya, uongeze RAM au uweke SSD?

Kompyuta inayokula dakika nne kabla hujafungua faili la kwanza ina tiba nne ambazo watu huchagua kati yake: kupunguza programu zinazojiwasha zenyewe, kupiga Windows upya, kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD (diski ya chipu isiyo na kinachozunguka). Zote nne zinafanya kazi, ila kila moja ina ugonjwa wake. RAM ndiyo inayonunuliwa bila sababu mara nyingi zaidi. Kupiga Windows upya nako humaliza siku nzima, na kama diski ni ileile ya kuzunguka, wepesi uliopatikana huisha programu zikisharudi. Kabla ya kutoa pesa au kufuta chochote, tafuta sekunde zinapotelea wapi.

Mafungu matatu ya muda

Tangu ubonyeze kitufe cha kuwasha, muda hugawanyika mara tatu. Fungu la kwanza ni la bodi mama kujikagua: UEFI, au BIOS kwa mashine za zamani, yaani programu ya bodi inayotangulia Windows, inatambua RAM, diski na kibodi. La pili ni la Windows kupakia kiini chake, draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na huduma mpaka eneo-kazi litokee. La tatu ni kile kipindi ambacho eneo-kazi limeshaonekana lakini ukibofya hakuna kinachoitikia. Wengi husema "Windows inachelewa kuwaka" wakati shida yao iko kwenye fungu la tatu, na tiba ya la tatu si lazima iwe tiba ya la pili.

Fungu la kwanza lina kipimo tayari. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya Startup apps, uangalie pembe ya juu kulia palipoandikwa "Last BIOS time". Chini ya sekunde 15 ni kawaida. Ikizidi 20, hakuna programu utakayoizima wala SSD utakayoiweka ambayo itagusa sekunde hizo; nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya bodi hapa chini. Mashine inayowaka kwa BIOS ya zamani haionyeshi namba hii, kwa hiyo tumia saa ya mkononi hadi nembo ya Windows itokee.

Mafungu mawili yanayobaki yameandikwa ndani ya Event Viewer, na ni watu wachache sana wanaoyasoma. Ifungue kwa haki za msimamizi, kisha ufuate njia hii: Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tafuta tukio namba 100, ubofye kichupo cha Details. MainPathBootTime ni muda hadi eneo-kazi kutokea. BootPostBootTime ni muda ulioongezeka baada ya hapo mpaka mashine ikatulia. Namba ziko kwa milisekunde, kwa hiyo 28000 ni sekunde 28. Ukikuta 28000 kwenye ya kwanza na 140000 kwenye ya pili, Windows yenyewe imewaka kwa chini ya nusu dakika, na dakika mbili na zaidi zimeliwa na programu zinazogombania diski. Matukio ya 101, 102 na 103 hutaja kwa jina programu, draiva na huduma zilizochelewesha. Hapo hakuna haja ya kubahatisha.

Pima baada ya kuchagua Restart, si baada ya kuzima na kuwasha. Sababu yake inakuja kwenye sehemu ya Fast Startup hapa chini. Na kama kuna masasisho yameingia, restart ya kwanza usiihesabu, maana ndiyo yanapomalizia kujisakinisha.

Kipimo cha mwisho ni cha macho. Eneo-kazi likitokea tu, fungua Task Manager kwenye Performance. Diski ikiwa 100% huku inasoma megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde, na "Average response time" iko kwenye mamia ya milisekunde, diski ndiyo kikwazo. Diski ikiwa 100% na Memory imepita 90%, RAM nayo ina mkono. Prosesa ikiwa 100% na diski imetulia, mtafute antivirusi au sasisho linalofanya kazi nyuma ya pazia.

Tiba nne kwa pamoja

| Tiba | Fungu inalofupisha | Gharama | Muda wa kazi | Kinachoweza kuharibika |
|---|---|---|---|---|
| Kupunguza programu | La tatu | Hakuna | Dakika 15 | Kidogo. Hurudishwa kwa kubofya |
| Kupiga Windows upya | La pili na la tatu | Hakuna | Nusu siku na zaidi | Mafaili na programu kupotea |
| Kuongeza RAM | La tatu, pale tu inapojaa | Ya kati | Dakika 20 | Kununua aina isiyoingia |
| SSD badala ya diski ya kuzunguka | La pili na la tatu | Ya kati | Saa 1 hadi 3 | Nakala isiyowaka, BitLocker (kufuli la Windows la kufunga data ya diski) kudai ufunguo |

Kupunguza programu au kupiga Windows upya

Hizi mbili hazina gharama ya kifaa, ndiyo maana zinashindanishwa. Anza na kupunguza, siku zote. Kwenye Startup apps kuna safu ya "Startup impact". Neno High pale lina maana halisi: programu ilitumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au ilisoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3 wakati wa kuwaka. Zima vizindua vya michezo, programu za kupiga gumzo, vikagua-masasisho vya printa na vya kivinjari, na programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni kama huzihitaji dakika ile ile. Acha antivirusi, draiva ya sauti na ya padi ya kugusa. Kuzima hapa si kufuta: programu itafunguka kama kawaida ukiihitaji.

Orodha hiyo haionyeshi kila kitu. Huduma na kazi zilizopangwa hujificha kwingine. Fungua msconfig, nenda Services, uweke tiki kwanza kwenye "Hide all Microsoft services", ndipo uanze kuondoa zilizobaki. Hapa ndipo watu huumia: wakiisahau tiki hiyo na kubonyeza "Disable all", wanazima pia huduma za Windows zenyewe, na mtandao au kuingia kwa PIN vinaweza kugoma. Anayetaka kuona kila kitu kwenye dirisha moja atumie Autoruns, programu ya bure ya Microsoft. Humo ondoa tiki tu, usifute mstari. Tiki hurudi, mstari uliofutwa haurudi.

Kuna mashine zenye antivirusi mbili za kampuni tofauti. Kila faili linalofunguliwa hukaguliwa mara mbili, na wakati wa kuwaka mafaili ni maelfu. Ondoa moja kabisa, kisha pima tena kabla ya kufikiria jambo jingine. Programu zinazojinadi kusafisha rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) achana nazo. Kupunguza maingizo ya rejista hakupunguzi sekunde unazoweza kuzihisi, na ingizo moja lililofutwa vibaya huvunja programu iliyokuwa nzima.

Kupiga Windows upya kunastahili katika hali tatu: mfumo umeambukizwa na huamini tena kilichomo, mafaili ya mfumo yameharibika na hayarekebishiki, au unaweka SSD na unaanza upya hata hivyo. Hali ya pili ina majaribio yake. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, uandike amri hizi kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

DISM hutangulia kwa sababu ndiyo inayokarabati ghala ambalo sfc huchota mafaili mazima. Ukigeuza mpangilio, sfc inaweza kukosa pa kuchota na ikakwambia imeshindwa. Zote zikishindwa, ndipo utumie "Reset this PC" au flashi ya usakinishaji yenye angalau GB 8. Chaguo la "Keep my files" hubakiza nyaraka na picha, lakini programu ulizosakinisha zote huondoka. Andika orodha yake kabla.

RAM au SSD: swali linalogharimu pesa

Msimamo wetu hauna kigugumizi. Kama kompyuta bado inatumia diski ya kuzunguka na una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua SSD, hata kama RAM ni GB 4.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Kuwaka kwa Windows ni kusoma vipande vidogo vidogo, vingi mno, vilivyotawanyika kwenye diski. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika huzunguka mara moja kwa milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kusubiri kipande kifike chini ya kichwa huchukua wastani wa milisekunde 5.6. Ongeza takriban milisekunde 12 za kichwa kusogea hadi kwenye mstari wake, na kila usomaji unagharimu kama milisekunde 17 au 18. Hiyo ni chini ya usomaji 60 kwa sekunde. Vipande vikiwa vya kilobaiti 4, unapata robo ya megabaiti kwa sekunde kutoka kwenye diski ambayo ukinakili sinema moja hufikisha megabaiti 100. Ndiyo maana Task Manager inaonyesha 100% huku namba ya megabaiti ikiwa ndogo kiasi cha kushangaza: muda wote unaliwa na kichwa kusogea. SSD haina kichwa. Usomaji mmoja huchukua karibu sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani maelfu kwa sekunde.

RAM haigusi hesabu hiyo. Data lazima itoke kwenye diski mara ya kwanza, iwe RAM ni GB 4 au GB 32. RAM inasaidia pale inapojaa tu, ambapo Windows huanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski na kuzirudisha, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo ni mateso juu ya mateso. Ili ujue, washa mashine, subiri dakika tano bila kufungua chochote, uangalie Memory kwenye Task Manager. "Available" ikiwa chini ya nusu gigabaiti kwa programu zinazojiwasha peke yake, RAM haitoshi. Ikiwa imebaki gigabaiti mbili au tatu, kuongeza hakutabadilisha muda wa kuwaka hata kwa sekunde moja, ingawa kutasaidia ukifungua vichupo vingi vya kivinjari.

Mashine ya GB 8 yenye diski ya kuzunguka bado itakusubirisha kila asubuhi. Ya GB 4 yenye SSD itawaka haraka, kisha itabanwa ukifungua mambo mengi. Bora ni GB 8 na SSD, na kama unanunua kwa awamu, SSD itangulie.

Ukifikia RAM, kosa la kawaida ni aina. RAM ina vizazi: kwa kompyuta mpakato, ya DDR3 ina pini 204 na ya DDR4 ina 260, na pengo la kati liko mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani hata ukisukuma. Ndani ya DDR3 yenyewe kuna mtego: DDR3L hutumia volti 1.35, DDR3 ya kawaida volti 1.5, na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya DDR3L pekee inaweza isiwake kabisa ukiipa ya 1.5. Angalia pia kama kuna nafasi. Task Manager huonyesha "Slots used", lakini baadhi ya mashine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Kwenye mashine za DDR5, baada ya kubadilisha RAM skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, bodi ikizoeza kumbukumbu. Usiikatie umeme.

SSD ya SATA au ya NVMe

SATA na NVMe ni njia mbili za SSD kuongea na bodi, na NVMe hupitia PCIe, njia ya kasi zaidi. Kwenye karatasi tofauti ni kubwa: SATA III huishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 hufika kama 3500, na ya PCIe 4.0 karibu 7000. Kwa kuwaka, tofauti hiyo haifiki mezani. Namba hizo ni za faili kubwa lililonyooka. Kwenye vipande vidogo vinavyosomwa kimoja kimoja, NVMe huizidi SATA kiasi, si mara kumi, na sehemu nyingine ya muda ni prosesa na draiva. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA unaokoa dakika. Kutoka SATA kwenda NVMe unaokoa sekunde chache. Kwa hiyo usibadilishe SATA nzima kwa NVMe kwa ajili ya kuwaka peke yake. Ukinunua upya na bodi inakubali zote, chukua NVMe, kwa kuwa itakufaa kwenye kazi nyingine.

Kinachopaswa kukuamulia ni nafasi iliyopo. Mashine yenye diski ya inchi 2.5 hupokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Kama diski ya zamani ilikuwa ya milimita 9.5, tumia fremu ya kujazia ili isicheze. Nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba kama kipande cha fizi, kwenye bodi) inahitaji uangalifu zaidi: umbo ni lilelile, lugha ni mbili. Kipimo cha 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, hakisemi kama ni SATA au NVMe. Kwa kawaida SSD ya M.2 ya SATA ina mapengo mawili kwenye pini zake na ya NVMe ina moja, lakini jibu la kuaminika liko kwenye maelezo ya bodi au ya modeli ya mashine. Nafasi inayosoma SATA pekee haitaiona NVMe hata ikiingia vizuri na skrubu ikakaza.

Mashine ya zamani yenye SATA II, inayoishia kama megabaiti 300, bado inafaidika sana, kwa sababu ileile ya vipande vidogo. Na usinunue SSD yenye ujazo wa ajabu kwa bei ya chini mno: zipo zinazojitangaza terabaiti huku ndani mna chipu ndogo, na data inayozidi hupotea kimya kimya. Zijaze kwanza na H2testw, au F3 kwenye Linux, kabla ya kuziamini.

Kunakili diski au kuanza upya kwenye SSD

Kabla ya lolote, soma afya ya diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo au smartctl. Namba za kutazama ni 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (sekta zinazosubiri uamuzi) na C6 (sekta zisizosomeka). C5 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, diski inakufa. Kuchelewa kuwaka kulikuwa dalili tu. Usiipige defrag (kupanga upya vipande vya mafaili), usiendeshe chkdsk /r (ukaguzi wa diski nzima). Toa kwanza mafaili muhimu, maana kazi hizo mbili huisukasuka diski nzima na zinaweza kuimaliza. C7 ikipanda peke yake, mara nyingi tatizo ni kebo ya SATA.

Diski ikiwa nzima, kunakili hukufaa kama una programu ambazo leseni zake ni vigumu kuzipata tena. Clonezilla ni ya bure, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida hutaka SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani, hata kama data ni chache. Mwenye diski ya GB 500 na SSD ya GB 240 apunguze kwanza patisheni (mgao wa diski), au aanze upya. BitLocker ikiwa imewashwa, isimamishe na uhifadhi ufunguo wa tarakimu 48 nje ya mashine. Ukishanakili, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ili Windows isichanganye pacha wawili. Usibadilishe mpangilio wa AHCI, RAID au IDE (namna bodi inavyoongea na diski) kwenye UEFI wakati huo, la sivyo utakutana na kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani Windows haiioni diski yake.

Kwa wengine wote, kuanza upya ni bora: hubebi uchafu wa miaka. Leseni ya kidijitali ya Windows imefungamana na bodi mama, kwa hiyo kubadilisha diski hakuifuti. Mwishoni hakikisha TRIM (agizo linaloiambia SSD data ipi imefutwa) inafanya kazi kwa amri hii:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu la 0 ni zuri. SSD usiipige defrag ya mtindo wa zamani, na usiijaze hadi ukingoni. Acha walau asilimia 10 wazi.

Fast Startup: iwashwe au izimwe

Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakuzimi kiini cha mfumo. Hali yake huandikwa kwenye faili la hiberfil.sys na kurudishwa ukiwasha. Restart pekee ndiyo huanza upya kabisa. Ndiyo sababu mashine unayoizima kila jioni inaweza kuonyesha "Up time" ya siku nyingi, na ndiyo sababu hitilafu ya draiva haiondoki kwa kuzima.

Kwenye diski ya kuzunguka iache imewashwa, faida ni kubwa. Kwenye SSD faida ni sekunde chache. Izime kama unatumia Linux kwenye diski hiyohiyo, kwa kuwa patisheni ya NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) iliyoachwa nusu-usingizi Linux inaweza kuifungua kwa kusoma tu au kuikataa. Iko Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do". Isipoonekana, andika powercfg /hibernate on kwanza.

Sekunde zikipotelea kwenye bodi

Chomoa diski za nje na flashi zote, uwashe. Muda ukishuka, UEFI ilikuwa ikizikagua. Kisha ingia kwenye mipangilio, uweke diski ya Windows juu kabisa na uzime kuwaka kwa mtandao, ambako husubiri jibu lisilokuja. Saa ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imekwisha na mipangilio hupotea pamoja nayo.

Kwa anayetumia Linux

Kazi ya kupima ni nyepesi zaidi: amri ya systemd-analyze hutoa mafungu yote kwa mstari mmoja, systemd-analyze blame hupanga huduma kwa muda. Usiishie kwenye blame, kwani huduma ndefu inaweza kuwa inaenda sambamba na nyingine bila kumchelewesha mtu. Systemd-analyze critical-chain ndiyo huonyesha nani anamsubiri nani. NetworkManager-wait-online.service mara nyingi inaweza kuzimwa kwenye kompyuta binafsi isiyofungua mafaili ya mtandao wakati wa kuwaka. Na ukiona mashine imesimama sekunde 90 kamili huku ikisubiri diski, fungua /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa wakati wa kuwaka: kuna mstari wa patisheni isiyokuwepo tena. Ufute, au uuongezee nofail na x-systemd.device-timeout=5s kama ni diski ya nje unayoichomeka mara mojamoja.